Ondoa Kimya

Sechelela alifika Hombolo na basi la Jumamosi,
akanikuta mstari wa kumi na nne, napogoa mizabibu,
simu imekufa sauti mfukoni katikati ya kipindi.
"Baba mdogo, wewe unasikiliza podikasti
kama mtu anayeteka maji kwa kijiko.
Lete." Akageuza kreti, akaikalia.

Pakua usiku, akasema. Ofisi ya ushirika ina waifai
na mlinzi Ndahani hana hiana; egemea ukuta wao saa moja,
vipindi vya juma zima viingie vyenyewe,
bando libaki la kuulizia bei ya zabibu.
Halafu foleni upange wewe. Usiiachie programu,
itakuburuta kwenye ubishi wa mpira mpaka jua lizame.
Bwana shamba asubuhi, akili ikiwa bado na umande.
Hadithi mchana. Yule mchungaji mchekeshaji
mwisho kabisa, mikono ikishakataa.

Na ukisikia neno la kushika, gonga hapa, linabaki na alama.
Nikaona haya kidogo: mimi nilikuwa naandika kwa mkaa
kwenye nguzo za shamba.
Ya tisa ina kipimo cha salfa,
ya kumi na mbili ina jina la mdudu
ambaye hadi leo hatujakutana.

Kasi akaniwekea moja na nusu.
Bwana shamba wa watu akageuka dalali wa mnada wa Msalato,
ukungu mara ya kwanza, mara ya pili, umeuzwa!
Nikazoea. Siku tatu tu nikazoea.
Kisha akawasha kitufe cha chini kabisa, *ondoa kimya*,
programu ikawa inameza kila mahali
mtu anapovuta pumzi.

Mwisho wa mwezi ikanipongeza:
umeokoa saa sita na dakika arobaini.
Nikamtangazia Damari tukiwa kwenye mlenda.
Akalamba kidole, akauliza,
"Umeziweka wapi?"

Juma lililofuata kikaingia kipindi cha vijana fulani
waliopita Bahi wakirekodi waliokuwa wakipika chumvi ya udongo.
Nikasikia jina: Perusi Mhawi.
Shangazi. Tuliyemzika Mei.

Aliulizwa, akajibu. Aliulizwa, akajibu,
swali halijatua, jibu limeshasimama mlangoni.
Nikaacha mkasi ukining'inia kwenye waya.
Shangazi gani huyu?
Wangu ukimwuliza njia, aliitazama kwanza njia.
Ukimwuliza jina lake mwenyewe, aligeuza shingo
kama anayehakikisha hakuna mwingine aliyeitwa.

Nami kukata nakujua, ndiyo kazi yangu.
Tawi tunalifyeka, lakini tunaacha macho mawili;
mwenye kukata yote anavuna kuni.

Nikavua glavu. Nikarudisha kasi kwenye moja.
Nikahangaika na kile kitufe, kidole kina utomvu,
mara ya tatu kikazima.

"Bibi, munyu mliacha lini kupika?"

Upepo wa Bahi ukaingia, ule wenye mchanga.
Kuku. Mfuniko wa sufuria mahali fulani nyuma.
Kijana akakohoa, nadhani alidhani hajasikika.
Nilihesabu, sekunde kumi na moja,
na ndani yake nikamwona anavyokunja khanga gotini,
kunja, kunjua, kunja,
mpaka akasema: "Kwani tuliacha?"

Bwana shamba nimemwacha kwenye mbio zake,
ukungu haungoji mtu.
Mchungaji pia; vichekesho vyake vinafaa vikikimbia.
Foleni ni ileile, na Ndahani bado ananipa ukuta.

Ila Sechelela alipokuja tena akashika simu, akashangaa:
"Baba mdogo, alama hii umeiweka pabaya.
Hapa hakuna mtu anayesema."
Nikamwambia sogeza kreti,
vaa spika moja, nipe nyingine.