Sufuria Ndani ya Lifti

Siku ya tisa Wakesho yuko chumba cha nyuma.
Mlango umefungwa. Kigoda ndio mpaka.
Naweka sahani, nagonga mara mbili, narudi hatua sita
kama mtu aliyetega kitu.
Kitasa kinazunguka, mkono unatoka na glavu ya buluu,
mkono ulionivisha pete Wundanyi mvua ikinyesha,
unachukua chakula, unarudi ndani.

Krismasi imetukuta hivyo, ghorofa ya pili, Wadi Kabir,
dirisha likitazama jiwe la mlima lisilo na jani.
Bibi yao angekuja; tiketi iko mezani bado,
mipaka imefungwa wiki nzima, na nani amlaumu nani.
Lango la kanisa lina kufuli na tangazo la lugha nne.
Padre yumo ndani ya laptopu,
ameganda katikati ya Utukufu, mdomo wazi,
na Righa anacheka mpaka anaanguka sakafuni.
Nataka kumkemea. Nyuma ya mlango, mama yake naye anacheka,
kisha anakohoa,
kisha sote tunanyamaza tukihesabu.

Mti wetu ni kianikio cha nguo:
taa za duka la riyali moja, soksi,
barakoa tatu zilizofuliwa jana.
Mghoi amekataa nizianue. "Ni mapambo, Baba."
Ndiye aliyesoma habari ya kuzaliwa, kwa sauti, akiuelekea mlango.
Alipofika pale wasafiri wanapokosa chumba
alisita, akafikiri.
"Sisi tumepata, Mama. Kimoja kizima, chako peke yako."

Saa saba mchana lifti ikalia, ikafunguka.
Hamna mtu.
Sakafuni, sufuria iliyofungwa kanga, fundo la masikio mawili.
Simu ikafuata, Bi Thuwaiba wa ghorofa ya tano,
aliyeletwa huku toka Wete akiwa mtoto
na Kiswahili chake hakijakauka:
"Nimekutumieni mgeni. Mpokeeni upesi,
asije akashuka kwa yule Mmalayali wa chini."

Pilau. Mbuzi, zabibu, mdalasini mzima mzima.
Kabla ya maradhi haya angeingia bila hodi,
akae, avue viatu, anicheke:
"Kiswahili chenu cha mlimani, kama mtu anabeba kuni."

Chombo cha mtu hakirudi kitupu.
Nilikuwa nimeponda kimanga, muhogo na maharagwe,
nikifuata maelekezo yaliyopigiwa kelele kupitia mlango
("Chumvi! Umetia chumvi? Mara ngapi?").
Nikakitia sufuriani, nikafunga fundo, nikabonyeza tano.
Simu: "Hiki nini, saruji?"
"Kimanga, Bibi."
Kimya kirefu, kijiko kikigonga bati.
"Haya. Saruji njema."

Mara ya tatu lifti ilifunguka na moshi.
Chetezo, kaa mbili nyekundu, ubani wa Dhofar ukichemka juu yake;
sijui kengele ya moto ilisamehe vipi.
Mghoi akaruka: "Ubani! Dhahabu je? Manemane je?"
Righa akabonyeza kitufe tena, kwa imani.
Ikafunguka tupu.

Siku ya tano leo Wakesho hajui harufu ya kitu,
si kitunguu, si dawa ya sakafu, si shati langu
aliloomba nimwekee kigodani, akalirudisha bila neno.
Nikaweka chetezo mlangoni.
Kwa kifuniko cha boksi la tende nikapepea chini ya mlango,
watoto wakilala kifudifudi kuona moshi unavyoingia.

"Mama," Mghoi akaita, mdomo kwenye ufa,
"Mama, unasikia?"

Kitanda kikalia. Nyayo. Mtu akakaa chini upande wa pili,
mgongo ukiegemea mbao.

"Nasikia."

Sauti ya mtoto au ubani, hakusema.
Sikuuliza. Mkono ulikuwa unaniuma,
nikaendelea kupepea.