Shubiri Moja

Kutoka kwangu Tineo mpaka kwa dada yangu ni kilomita themanini,
na kila Jumamosi, nikifika ile ya ishirini na moja,
penye zizi la mawe lisilo na paa,
kiuno huanza kunisema.
Hakipigi kelele. Ni kama mtu amechomeka ufunguo
katikati ya pingili mbili,
akauzungusha, akauacha humo humo.

Nilisingizia umri. Nilisingizia mvua ya Asturias,
ambayo hainyeshi, inakaa tu.
Nikafunga mkanda wa mpira alioacha mama,
nikameza vidonge,
nikatandika ngozi ya kondoo juu ya kiti
nikawa kama niliyempanda kondoo mwenyewe.
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti;
ya kiti hiki naijua mimi.

Pikipiki ilikuwa ya Eladio.
Mita moja na tisini na mbili, Mungu amrehemu,
mikono kama ngazi za kuchumia tufaha.
Miaka minne nimekuwa nikijinyoosha kuufikia usukani wake
kama nilivyojinyoosha kufikia rafu ya juu kabatini
alikokuwa akiweka kahawa,
na alijua.

Xurde ana gereji nyuma ya kiwanda cha siagi.
Hakugusa spana. Alisema: panda.
Alisema: funga macho,
iache mikono iende mbele, iishie inapotaka yenyewe.
Nikaiacha. Ikatulia hewani.
"Sasa tazama."
Kutoka vidoleni mpaka kwenye chuma, shubiri moja.
"Hilo ndilo deni," akasema.
"Mabega yalikopa, kiuno kikawa kinalipa."

Kisha akainama kwenye vibano, akanyamaza.
Juu ya kila nati palikuwa na mstari mwembamba, mwekundu,
unaotoka kwenye nati ukaingia kwenye kibano,
alama ya fundi anayetaka kujua kama kitu kimelegea.
Rangi ya kucha. Yangu.
Ile chupa niliyoitafuta kiangazi kizima
nikimshuku mtoto wa jirani.

"Nikizungusha," Xurde akasema, "itakatika."
Nilitazama dari. Kulikuwa na kalenda ya mwaka mwingine.
"Zungusha."

Nati ililia mara moja.
Nusu ya mstari ikaenda, nusu ikabaki,
na hazitakutana tena.

Akainua usukani milimita ishirini na tano,
akaurudisha nyuma, akaurudisha tena.
Akashusha mkono wa klachi ili kifundo kisipinde.
Vikanyagio akavisogeza, shokamzoba akailegeza,
"hii imekazwa kwa kilo mia moja na kumi,
wewe unarushwa kama pea kwenye kikapu."
Na maneno, maana Xurde hatozi kwa maneno:
kalia mifupa, usikalie mkia.
Magoti yashike tangi. Viwiko vilegee.
Usikae kama gunia la viazi,
kaa kama mgeni anayetaka kuinuka aage.

Jumamosi zizi lilikuja.
Nikapunguza mwendo, nikasikiliza huko chini
kama mtu anayesikiliza mlango.
Hakuna aliyebisha.
Nilifurahi, kisha nikaona aibu kidogo,
sijui kwa nani.

Kilikuja baadaye, karibu na kilomita ya hamsini na tano,
kidogo, kama kikohozi cha mtu chumba cha pili.
Nikashuka. Nikatembea mpaka kwenye kibao cha barabara na kurudi,
nikala jibini, nikapanda.

Herminia alinisubiri langoni.
"Leo umeshuka bila kushika ukuta," akasema,
akaingia ndani kuangalia maharage.

Nikabaki nikivua glavu.
Kioo cha kushoto nilikwisha kukiweka sawa zamani, sina budi, kuna malori.
Cha kulia sijakigusa.
Kiko kwa macho yake bado,
na kutoka hapa ninapokaa mimi
hakionyeshi barabara,
kinaonyesha mawingu na ncha za miti.

Xurde alikiona. Alishika skrubu, akaniangalia.
Nikamwambia: hicho, wiki ijayo.