Mtu wa Tatu

Mwalimu Chesang alitufundisha nafsi
kwa chaki iliyokatikakatika:
ya kwanza, mimi; ya pili, wewe;
ya tatu, yeye, ambaye hayupo hapa.
Sikujua somo lile lingekuja kudai karo
miaka thelathini baadaye,
kwenye ghorofa ya pili, mjini Nakuru,
mbele ya kijana mwenye tai na meza tupu.

"Bima yako, Mzee Wafubwa, ni ya mtu wa tatu."
Akaigeuza karatasi inielekee.
Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa,
lakini sahihi ilikuwa yangu, kubwa, ya kujivunia.

Ni kweli. Mwaka juzi nilikuwa na bima kamili.
Kisha matairi sita ya nyuma yakaonyesha nyuzi,
na Nelima akaitwa kidato cha kwanza
na orodha ndefu kuliko trela.
Nikapiga hesabu juu ya usukani,
nikakata pale palipokuwa kimya.
Tairi hulia. Mtoto hulia.
Bima hukaa kiooni tu, kama picha ya marehemu.

Mteremko wa Sachang'wan, saa kumi alfajiri,
magunia mia tano na sitini ya mbolea ya Kitale,
ukungu, mguu umefika chini kabisa
na breki inanijibu kwa pumzi.
Mbele yangu, pikapu ya Tabutany na viazi vyake.
Hakufa. Sikufa.
Khaoya, utingo wangu, alivunjika paja
akaniuliza, akiwa bado mtaroni, kama nimezima injini.

Tabutany alilipwa, na ilikuwa haki yake.
Alinipigia simu kunishukuru, kana kwamba nimempa mimi,
nami nikasema karibu, kana kwamba nimempa mimi.

Nafsi ya kwanza, je?
Gari la kuvuta lilidai lake kabla ya kufungua mnyororo.
Yadi ya polisi ilihesabu siku, hata Jumapili.
Mwenye mbolea alikuja na wakili.
Chama cha mikopo hakikuuliza nimeumia wapi;
kiliuliza wadhamini wako wapi.
Hapo nikaona sarufi ya mwalimu ilikuwa fupi,
kwamba yupo na mtu wa nne:
shemeji Murunga, wa shule ya msingi kule Lugari,
aliyetia sahihi huku akila kuku wangu,
ambaye sasa mshahara wake una shimo
lenye jina langu.
Hajanitukana hata siku moja.
Krismasi alikuja, akala ugali na mboga.
Kuku hakumgusa.

Dalali aliuza kichwa cha trela kwa kilo.
Nilisimama kando nikitazama mtu
akipima miaka yangu kumi na mmoja
kwenye mizani ya vyuma chakavu.
Nikamwomba kibao cha mbele tu,
kile mama Nelima alichokipaka rangi: TUMETOKA MBALI.
Akakinyanyua, akakadiria kwa mkono.
"Hiki nacho, mzee, ni kilo mbili."

Siku hizi naendesha la mtu.
Kila nikiingia, kabla ya ufunguo,
naisoma stika ya bima mpaka tarehe ya mwisho.
Tajiri wangu hucheka. Nami humwacha acheke.

Juzi nilipita pale. Nilishusha gia mapema,
mapema kuliko kibao kinavyoagiza.
Mtaroni, mbolea ilipomwagika,
mtu amepanda mahindi:
mistari mitatu tu kati ya lami na ua,
lakini ya kijani kinachokaribia weusi,
yamenipita kimo, yametoa ndevu.
Mbolea ile ningali nailipa,
elfu nne kila mwisho wa mwezi.

Simjui aliyepanda. Sikupiga honi.
Yeye, ambaye hayupo hapa.
Na avune.