Imepokewa, Haijakabidhiwa

Vituo vitano, daftari moja:
Konde, Wete, Chake, Mkoani, Kengeja.
Mzigo ukipimwa, kituo hupiga mbiu kwa vingine vinne,
na kila mbiu ina nambari yake,
na hapana mashine itakayoifungua ya nane
kabla haijaisoma ya saba.

Leo, tangu saa nne, tunaingoja mia mbili na kumi na moja.
Ya kumi na mbili imeshafika. Ya kumi na tatu pia.
Zimefika hadi ya thelathini,
zimekaa benchi la ndani, midomo imefumbwa,
kama watoto wa chuo wanaomsubiri mwenzao
aliyekwama kwenye aya.

Bi Asaa Mbwana ni ya kumi na saba.
Karafuu kazipimia Konde alfajiri, magunia mawili,
makonyo kayatoa mwenyewe hata kucha zimekuwa nyeusi.
Fedha ziko huku Wete, kwenye dirisha langu.

"Yangu imefika?"
"Imefika."
"Basi nipe."
"Imepokewa, Bi Asaa. Haijakabidhiwa."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa
wali umeiva lakini haujawa chakula.

Nimweleze vipi?
Mimi ndiye niliyekuwapo siku fundi alipouliza:
zingojane,
au kila moja iingie ikifika?
Nikasema zingojane.
Sikumwambia kwa nini.

Mwaka ule niko Tanga, simu ya maandishi ilinifikia Jumanne:
TUMEMZIKA JANA.
Ijumaa ikaja barua, mwandiko wa baba mwenyewe:
kifua kinanibana kidogo tu,
ukija niletee betri za redio, zile nene.
Nilikuwa nimekwisha kulia.
Ikanibidi nianze upya,
safari hii naye yu hai.

Ndiyo maana nikachagua mpango.
Sikufikiri kwamba bei yake ataitoa huyu,
saa tatu chini ya bati linalowaka,
na mjukuu kamwacha Konde ana homa,
na dawa ya mjukuu
imo ndani ya ya kumi na saba,
ambayo ninayo, naiona,
siwezi kuisema.

Saa saba na kitu Kengeja ikarudiwa na umeme.
Mia mbili na kumi na moja ikaingia.
Nikaisoma kwa sauti, peke yangu:

*Mvua. Leo hatukupima kitu.*

Basi.
Nyuma yake zikamwagika zote kwa pumzi moja,
kila moja na jina, na kilo, na shilingi,
na vituo vitano vikaandika mstari ule ule
mahali pale pale.

Bi Asaa akauliza, hiyo ya Kengeja ilisemaje?
Nikamwambia.
Akaufunga upya mtandio wake, taratibu.
"Kumbe hata *hapana kitu* ina zamu yake."

Akazihesabu noti, akakosea katikati,
akarudi kuanza na ya kwanza.