Vigunduzi Viwili, Jumamosi

Jikoni hakufai, nimeshaona.
Friji inanguruma, na mashine zote mbili
zinalia kama watoto wa mama mmoja:
mmoja akianza, mwenzake hataki kupitwa.
Chini ya mbao za sakafu kuna misumari
ya seremala aliyekufa kabla umeme haujafika Horncastle.

Nimezitoa uani basi, kwenye ukanda wa majani
kati ya pipa la taka na ua wa Bwana Thirkell.
Ya kwanza ni yake, kaniazima: kuukuu, rangi ya haradali,
mpini umezungushiwa utepe mweusi,
sahani imechubuka kama goti la mtoto.
Ya pili yangu. Nyepesi, ina kioo na namba,
nimeilipia kwa zamu kumi na moja za usiku
kwenye ghala la kabichi,
na Mwanaidi hajaambiwa bei.

Kwanza, hewani.
Nimesimamisha rula ya Raiya juu ya ndoo ya plastiki,
napitisha kitu kimoja kimoja.
Msumari: yangu inakoroma, namba nne.
Ya Thirkell inakoroma pia, kama mtu aliyeamshwa.
Peni ya shaba: zote zinapanda juu, kengele safi.
Kipande cha risasi: katikati, kwa kusitasita.

Halafu kipete cha kopo la soda.
Kumi na nane.
Halafu, baada ya kuchungulia mlangoni,
pete ya Mwanaidi, aliyoiacha kwenye kisahani cha sabuni.
Kumi na nane.
Nikarudia. Nikabadilisha betri. Nikarudia.
Kumi na nane.

Mashine ya pauni mia nne na sitini
haioni tofauti kati ya mahari na taka za kituo cha basi.
Ile kuukuu haijui namba;
ilisema "po" kwa kipete, "po" kwa pete,
ikanyamaza.

"Ndiyo maana tunachimba vyote,"
akasema Thirkell juu ya ua, kikombe mkononi.
"Miaka thelathini na mmoja.
Vipete elfu nne.
Pete mbili."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
nami huinama nusu tu: goti hili
lina skrubu tatu za hospitali ya Lincoln.
Nilipochuchumaa kuchimba, kigunduzi kikageuka
kikanililia mimi, kwa sauti kubwa,
kana kwamba msako umekwisha.
Thirkell alicheka hadi chai ikamwagika.

Mashimo matatu, basi.
Peni kwa sentimita kumi. Zote zimeiona.
Kijiko cha chai kwa kumi na tano.
Yangu imekiona; ya Thirkell imekiona
na ikaona pia kitu kingine pembeni, bawaba yenye kutu,
ambayo hakuna aliyeifukia.
La tatu, ishirini na tano,
nikatia senti hamsini ya Tanzania, yenye sungura,
niliyoikuta ndani ya bitana ya koti
miaka mingi baada ya kukosa cha kununulia.
Nikashindilia udongo, nikachomeka kijiti cha aiskrimu,
nikaingia ndani kula.

Niliporudi, paka wa jirani
alikuwa amelala juu ya vijiti.

Nimepitisha yangu. Kimya.
Nimepitisha ya Thirkell, polepole, kama mtu anayepiga pasi.
Kimya. Nimeongeza nguvu hadi zikaanza kusikia
simu ya nyumba ya tatu na waya wa taa za barabarani.
Nimechimba huku, nimechimba kule,
majani yamekuwa kama kichwa kilichonyolewa gizani.

Kesho saa moja asubuhi tuko shambani kwa Bwana Maidens,
ruhusa imesainiwa, iko mfukoni.
Nitachukua zote mbili. Nimeshindwa kuchagua.

Mvua imeanza.
Sungura yuko chini, hatua tano kutoka jikoni kwangu,
amebana pumzi,
na mashine mbili zimepita juu yake
zikasema hakuna mtu.