Herufi Tatu za Kwanza

Mashine yangu inakaa juu ya cherehani ya marehemu mama mkwe
chumba cha nyuma, hapa Tukuyu, ambako mvua haipigi hodi.
Niliinunua kwa mkopo wa kikoba.
Wenzangu walidhani ni printa, kisha wakadhani ni kiherehere.
Kisu chake ni kidogo kuliko jino la panya
lakini kwenye kona za S hakijikwai.

Nimeshakata Tusajigwe kwa ajili ya kipaimara,
na Lugano mara mbili, maana bwana harusi
alikosea jina la bibi harusi. (Waliishia kuoana.)

Jumamosi akaja kijana kutoka Ushirika,
buti zimebeba nusu ya shamba la chai.
Akaweka kikombe cheupe mezani kama mtu anayeweka yai.
"Andika Mama Gwakisa."
Gwakisa ni nani?
"Mimi."
Sasa zawadi ni ya mama, au ni yako?

Nilitania tu. Hakucheka.
Akatoka kibarazani, akampigia mjomba wake simu,
nikamsikia akinong'ona kama mtu anayekopa:
"Eti jina la mama linaandikwaje?"

Atupele.

Kwa Kinyakyusa: ametupa.
Ukilisema hivyo kwa Kiswahili
mtu atageuka kutazama jalalani.
Kwetu halina utata: kuna aliyetoa,
kuna sisi tuliokinga mikono.

Nikabandika karatasi nyekundu kwenye mkeka wa gundi,
nikabonyeza. Kisu kikashuka.
A.
t.
u.
Giza.

Si Luku, nilikuwa na yuniti kumi na moja.
Mtaa mzima ulizimika, hata kinyozi, hata redio ya Ndimbumi.
Tukabaki na Atu,
kiambishi kinasubiri kitenzi chake.
Atuache? Atulipe? Atukumbuke?

Nikachochea mkaa, nikamimina chai.
Kijana akaanza kuhesabu, bila kuulizwa:
kanisani, Mama Gwakisa.
Kwenye mizani ya majani mabichi, Mama Gwakisa.
Kwenye daftari la kufa na kuzikana,
mwandiko wa katibu, kalamu ya bluu, Mama Gwakisa.
"Baba alikuwa akimwita jina lake," akasema,
"ila wakigombana tu."

Umeme ulirudi saa kumi na moja, umechoka kama sisi.
Mashine haikumbuki ilipoishia,
ikabidi karatasi mpya, jina upya, tangu A.
Halafu ile kazi nisiyoipenda na nisiyomwachia mtu:
kupalilia. Sindano mkononi,
unang'oa wekundu usiotakiwa, unabakiza herufi,
unatoa tumbo la A, tumbo la p,
unafika kwenye macho ya zile e mbili,
madogo, karibu usiyaone.
"Naomba nijaribu," akasema.

Vidole vya mchuma chai: jani mbili na chipukizi,
siku nzima, tangu alipoacha shule.
Jicho la kwanza likatoka safi.
La pili likamganda kwenye kidole gumba
akaondoka nalo, hajui,
punje nyekundu chini ya mvua.

Kikombe nilikipasha moto kwanza, kwa sababu ya unyevu,
nikakifuta kwa spiriti, nikabandika, nikakandamiza
mpaka jina likakubali.
Elfu kumi na mbili. Akaacha kumi na tano,
akakifungia ndani ya sweta lake
na kurudi Ushirika na shati peke yake, baridi ile.

Alivyokipokea sijui. Hajarudi kunieleza
na mimi simdai.

Ile Atu ilibaki mkekani.
Nilitaka kuitupa.
Nimeibandika kwenye kikombe changu chenye ufa,
na wateja wakiuliza maana yake
nawaambia umeme ulikatika.