Sekunde Nne

Kaseti imetoka chini kabisa ya sanduku la bati,
ina harufu ya dawa ya nondo na moshi wa jiko.
Vibao Kumi na Sita vya Mwaka, imeandikwa,
na mwaka wenyewe umefutwa na kidole gumba cha mtu.
Kwenye jalada, mwanamke wa Ulaya,
nywele zimechanika kama mgomba baada ya mvua ya mawe.

Kaka Andongwisye aliinunua Kapiri Mposhi,
akaja nayo kwenye treni, ndani ya soksi,
pamoja na sabuni tatu na dawa ya meno.
Mwaka ule Tukuyu hatukuwa na sukari,
tulikuwa na mvua.
Mvua na ndizi, ndizi na mvua,
na foleni ya dukani iliyoanza kabla jogoo hajakohoa.
Sabuni mama alizifungia kabatini.
Kaseti haikumhusu.

Betri tulizianika juu ya bati, jua likikubali,
tukazing'ata kidogo, maana Gwakisa alisema zinaamka.
Zikichoka, mwimbaji alizeeka katikati ya ubeti,
sauti ikawa nzito, ya mzee wa kanisa mwenye usingizi,
nasi tukacheza polepole vivyo hivyo
tukidhani ndio mtindo.

Kiingereza hatukujua. Tuliimba kilichosikika.
Kibao cha tatu, penye kiitikio, tulisikia wazi kabisa:
Mama Sekela kala ndimu,
tukamhurumia Mama Sekela miaka miwili mizima.

Utepe ulipotafunwa, ulitafunwa hapohapo.
Redio iliumeza, ikautoa umekunjamana kama utumbo wa kuku.
Mimi nililia. Dada Anyosisye hakulia;
alichukua wembe, akakata palipoharibika,
akaunga kwa rangi ya kucha, nyekundu,
akapuliza kama anayepoza uji wa mtoto.
Kilichokatwa kilikuwa shibiri moja tu. Sekunde nne.
Alikifunga kwenye kijiti katikati ya ulezi wa mama,
kikameremeta.
Ndege hawakujali.

Tangu hapo Mama Sekela akala nusu ndimu.
Tukajifunza kuruka: mguu hewani penye pengo,
chini penye ngoma inayofuata.
Akija kijana wa Mbeya mjini akacheza bila kuruka,
tulijua, huyu mgeni.

Na utepe ni mmoja. Ukikata upande wa A
umekata na wa B, hata kama hukuwa unausikiliza.
Huko nyuma, kwenye wimbo wa taratibu, mwanamume alikuwa anaaga,
na kabla hajamaliza kuaga, hayupo.
Anyosisye aliondoka Agosti, kwenda Ndola.
Barua mbili.
Ya tatu sijui.

Jana Lusajo kaupata wimbo kwenye simu.
"Huu hapa, bibi. Mzima."
Mzima kweli, safi kama sahani ya wageni.
Maneno sasa nayaelewa: jamaa anadai
arudishiwe funguo za gari lake. Basi.
Hakuna ndimu.
Pengo likakaribia; mguu wangu huu wa baridi yabisi ukapanda wenyewe,
na pale ambapo hapakuwa na kitu
kikatoka kinanda, kidogo, cha haya,
kama mtoto aliyefungiwa stoo siku ya sherehe
akasahauliwa.
Nilibaki na mguu juu, nimeshika kiti.

Ulipoisha, simu ikaleta mwingine, wa watu wengine.
Nikasema hapana, hapa unafuata ule wa filimbi.
Lusajo akauliza, "Nani kasema?"

Nje inanyesha. Nimechukua kalamu ya biki,
nimeichomeka kwenye tundu lenye meno, nazungusha,
nazungusha, mpaka ile nyekundu ipite dirishani.
Ipo.
Imepauka, lakini imeshika.